Tumsubiri Mumewe

Ukitaka kumjua mtu, usihangaike kumkopesha wala kusafiri naye. Mwombe nyumba yake, mtu afie humo kwenye filamu.

Mzee Abdulkadiri alikuwa ametupa kila kitu. Sebule, friji, seti ya vikombe, makochi ya velveti ambayo bado yalikuwa na nailoni ya dukani, hata mapazia mapya aliyatundika kwa ajili yetu. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya filamu yangu. Lakini tulipofika kwenye ukurasa wa kufa, akanivuta pembeni taratibu, kama mtu anayetaka kukuambia kwamba gauni lako limechanika nyuma.

"Mwalimu Khairat, mwanangu," akasema, "nyumba hii nimehamia mwaka jana. Haijaingia msiba. Ndiyo unataka uniletee wa kwanza?"

"Mzee, haya ni maigizo tu."

"Mimi najua ni maigizo. Malaika wa mauti naye anajua?"

Nikafunga skripti. Upepo wa Dodoma ulikuwa ukivuma siku hiyo na kunijaza vumbi mdomoni, na nilishukuru, maana maneno niliyokuwa nayo mdomoni hayakufaa kuambiwa mzee aliyevaa kofia.

Nieleze habari ya kamati, kwa sababu balaa langu lote lilianzia hapo. Nilikuwa nikiandika maigizo tangu niko chuo cha ualimu Mpwapwa, na sikuwahi kuona hata moja likibaki kama nilivyoliandika. Walikuja watu wa mradi wa vyoo, wakanipa kazi ya mchezo wa jukwaani. Nikaandika kisa cha mapenzi, wakakirudisha: kila mhusika ataje choo, bwana harusi naye asisahau. Zikafunguliwa televisheni za watu binafsi kule Dar es Salaam, nikapeleka tamthilia ya mkulima wa zabibu. Walipoionyesha, mkulima alikuwa amegeuka mtoto wa tajiri mwenye jumba la ghorofa, na zabibu zangu zilikuwa zimebaki kwenye bakuli, juu ya meza ya kulia. Jina langu lilipita mwishoni kwa mbio hata mama yangu hakuliona, na tulikuwa tumekwenda kwa jirani kuangalia makusudi.

Basi nikaapa. Filamu moja nitaitengeneza hapahapa Dodoma, mbele ya macho yangu, na ndani yake patakuwa na kifo kimoja ambacho hakuna atakayekigusa. Kilikuwa kifo cha dada yangu Swaumu.

Swaumu alikuja kujifungulia kwa mama, kama desturi ilivyo kwetu. Mumewe, Zaidi, alikuwa mfanyabiashara wa maharage, akaenda Kibakwe kununua mzigo. Uchungu ukamshika Swaumu alfajiri, mtoto akakataa kutoka. Hospitali ilikuwa karibu, toroli la kubebea maji lingemfikisha. Lakini walimsubiri mumewe atoe ruhusa, wakamsubiri mchana kutwa, na Zaidi alipofika jioni alikuta mke amekufa na mtoto tumboni. Mimi nilikuwa Mpwapwa, nikakuta wameshazika. Mama ndiye aliyenisimulia. Alisema, "Tulikuwa tunamsubiri mumewe," kisha akasema, "Kazi ya Mungu," na tangu hapo ukimgusia anasema hayo ya pili tu. Watu wote waliokuja matangani walisema vilevile. Hakuna aliyesema kwamba angepelekwa asubuhi angepona. Nilitaka jambo hilo lisemwe hadharani, mara moja tu, na mtu aliyesimama mbele ya kamera. Kwa ajili hiyo nilikuwa tayari kugombana na mji mzima.

Na karibu nigombane nao wote. Mpiga picha pekee niliyemjua alikuwa Jamaldini, fundi wa video za harusi, kijana mwenye roho nzuri lakini asiyeshika maagizo. Nilipomwambia sina fedha, alicheka. "Dada Khairat, hiyo nayo shida? Tufanye kama harusi. Tuunde kamati, kila mtu achangie alichonacho."

Nilikubali kwa sababu nilikuwa sijafikiri. Huku kwetu mtu aliyechangia harusi lazima aonekane kwenye kanda. Mjomba aliyetoa mbuzi asipoonekana, undugu umekwisha. Sikujua kwamba filamu nayo ingekuwa hivyo. Bi Kuluthumu, mama wa maandazi na chai, alichangia kutulisha, na kwa sababu hiyo alikatiza mbele ya kamera katika kila tukio amevaa kitenge kipya, hata tukio la mume na mke wakiwa peke yao chumbani. Nilimfukuza mara nyingi mpaka nikachoka, nikampa nafasi ya mama mzazi wa marehemu ili angalau awe na sababu ya kupita.

Jamaldini mwenyewe alikuwa adhabu nyingine. Mkono wake ulishazoea harusi. Kwenye harusi anayelia anageukiwa, anayecheka anageukiwa, anayetokea mlangoni na zawadi anageukiwa. Mwigizaji wangu yuko katikati ya maneno niliyoyafikiria wiki nzima, mtu anakohoa uani, na kamera inaondoka kwenda kumtafuta aliyekohoa.

"Usigeuze kamera, Jamaldini!"

"Nimesikia sauti, dada."

"Umesikia sauti ya nani? Ya muuza mkaa!"

"Ndiyo, lakini imetoka vizuri."

Kwa kweli kuna siku nilikaa chini kwenye ngazi za Mzee Abdulkadiri nikacheka peke yangu, mtu akadhani nimepewa habari njema.

Dorkasi, msusi aliyekuwa akiigiza kama mke, alikubali kuumwa, akakubali kulia, akakataa kufa. Bibi yake wa Chamwino alikuwa amemwambia kwamba anayejilaza kama maiti anajichongea. Tuliongea mpaka akakubali kwa masharti: asifunikwe uso, asifungwe kidevu, na mwisho wa filamu aonyeshwe akiwa mzima, anacheka na kupunga mkono, ili yeyote anayeangalia ajue hakufa. Nikasema sawa. Mwandishi anayetafuta kifo hachagui.

Mume ndiye aliyenimaliza. Nilimpata Nasri, kijana mtanashati anayejua kusimama mbele ya kamera, akaigiza vizuri matukio yote ya mapenzi. Ilipokaribia sehemu ya kumchelewesha mke mpaka afe, akaja na mshenga wake. Alikuwa ameposa kwa watu wa Kondoa, na wakwe watarajiwa walikuwa wamesikia. Walituma ujumbe kwamba binti yao hawezi kuolewa na mwanamume aliyeonekana kwenye video akiua mke kwa uzembe.

"Lakini si wewe, ni mhusika!" nikamwambia.

"Mwalimu, uso ni wangu."

Mwanamume mwingine hakupatikana. Kila niliyemfuata alitaka kuwa daktari, mchungaji au polisi anayemkamata huyo mume. Mji mzima ulikuwa umejaa watu wema, na mimi nilihitaji mbaya mmoja tu.

Basi kamati ikaitishwa sebuleni kwa Mzee Abdulkadiri, juu ya nailoni ya makochi. Alifungua kikao kwa dua, kisha akasema kuna mapendekezo. Nyumba za kufia hazipatikani. Mume wa kumlaumu hapatikani. Wajumbe wameliona jambo hili kwa upana wake, na wameona njia.

"Asife," akasema Bi Kuluthumu.

"Asife vipi? Hadithi yenyewe ni hiyo!"

"Aende Dubai," akasema mwenyekiti, na wote wakatikisa vichwa kwamba ndiyo, wameshalijadili. "Mume amechelewa, sawa. Mke anakasirika, anapanda ndege, anakwenda Dubai kuchukua bidhaa. Anarudi na maduka. Mume anabaki anajuta. Funzo limepatikana na hakuna aliyekufa."

"Mzee, mwanamke ana uchungu wa kuzaa. Anapandaje ndege?"

"Hapo wewe ndiye mwandishi," akanijibu kwa upole. "Tunakuachia."

Wakapiga kura. Mikono yote ikapanda, ya Dorkasi ikiwa ya kwanza. Sikuaga. Nilitembea mpaka kwa mama, Chang'ombe ya hapahapa Dodoma, huku nikisema peke yangu barabarani, na watoto wa shule yangu walionipita waliniambia shikamoo kwa woga.

Mama yangu, Bi Mwanaidi, alikuwa uani anachambua mchele. Hakuwahi kuniuliza habari za filamu. Alijua inahusu nini, na tulipokutana tuliizunguka kama watu wanavyozunguka shimo la choo lililofunikwa na bati bovu. Lakini siku hiyo nilikuwa nimejaa mpaka hapa shingoni, nikamwaga yote.

"Wanasema aende wapi?" akauliza.

"Dubai, mama."

Aliendelea kuchagua mawe kwenye ungo. Baadaye akasema, "Swaumu hakwenda Dubai. Njooni mfanyie hapa. Kitanda kipo."

Nilimwangalia. Hakuinua uso.

"Na mume umemfanyaje?" akauliza tena.

"Nimemfanya kama alivyo."

Mkono wake ulisimama juu ya mchele, kisha ukaendelea.

Nyumba ikawa imepatikana, na aliyefuata alinikera kuliko wote. Zaidi alikuja shuleni wakati wa mapumziko, akasimama nje ya ofisi ya walimu kofia mkononi. Alikuwa na mvi sasa. Tangu matanga ya Swaumu nilikuwa sijampa shikamoo, na ananizidi umri kwa mbali. Nikikutana naye sokoni nilikuwa nageukia nyanya.

"Habari za kazi, shemeji," akasema. "Nimesikia hamna mume."

"Hatuna."

"Nitakuwa mimi."

Nilidhani ananidhihaki. Kisha nikaona hadhihaki, nikakasirika zaidi. Mtu gani anayekubali kuigiza ubaya wake mwenyewe, kwa sauti ileile ya kuulizia bei ya maharage? Niliona ni ukavu wa macho usio na mfano. Lakini nilikuwa nimeshika kifo changu mkononi, nyumba imepatikana, na kamera ya Jamaldini ilikuwa imekodiwa kwenye harusi Jumamosi. Nikamwambia aje Ijumaa baada ya sala, na aje na viatu vyenye vumbi.

Ijumaa alikuja na viatu vyenye vumbi, na Dorkasi na Bi Kuluthumu nao wakaja, licha ya kura yao ya Dubai. Tulimlaza Dorkasi kwenye kitanda cha mama, uso wazi kama tulivyokubaliana. Bi Kuluthumu akakaa kwenye mkeka karibu na kichwa chake. Mama hakutaka kuingia chumbani. Alivuta kigoda chake karibu na mlango, kwa nje, akachukua ungo wake wa mchele. Nilimwambia akitaka aende kwa jirani mpaka tumalize. Akasema mchele hauwezi kujichambua.

Tukio lenyewe lilikuwa fupi. Mume anaingia, anamwona mkewe, anapiga magoti. Mama mzazi anamwambia: "Tulikusubiri wewe. Tangu alfajiri tulikusubiri wewe, utoe ruhusa. Tungempeleka asubuhi, angepona." Na mume anajibu: "Nisameheni. Nilichelewa." Maneno hayo nilikuwa nimeyabeba tangu Mpwapwa.

"Anza," nikasema.

Zaidi aliingia, akapiga magoti. Bi Kuluthumu akaangua kilio cha kuezua bati, akasema maneno yangu, na katikati akaongeza kwamba tangu alfajiri hata chai hajanywa. Zaidi akasema, "Nisameheni. Nilichelewa."

"Turudie. Bi Kuluthumu, habari za chai hazimo."

Tukarudia. Zaidi alisimama, akatoka, akaingia, akapiga magoti tena. Safari hii Bi Kuluthumu alisema vizuri, lakini jogoo wa jirani akawika na kamera ikaenda dirishani.

"Jamaldini!"

"Samahani, dada. Mkono."

"Turudie. Na wewe shemeji, inua uso. Unaambiwa umeua mke, usiangalie sakafu."

Hilo nililisema kwa ukali, na nilitaka aumie. Aliinamisha kichwa kukubali, akatoka nje tena. Nilimsikia akimpita mama pale mlangoni na kumwambia, "Samahani, mama," kwa sababu ilimbidi aruke ungo.

Mara ya tatu aliingia na kuinua uso kama nilivyotaka. Bi Kuluthumu alikuwa amepata moto, sasa machozi yalikuwa ya kweli, akamnyooshea kidole. "Tulikusubiri wewe! Tangu alfajiri tulikusubiri wewe, utoe ruhusa!"

"Kuluthumu, nyamaza."

Ilikuwa sauti ya mama. Hakuipaza. Alikuwa amesimama mlangoni, mchele umemwagika miguuni pake, na kabla sijafungua mdomo kamera ilikuwa imeshageuka kumfuata.

"Huyu hakutaka asubiriwe," mama akasema. "Siku anaondoka kwenda Kibakwe alisimama hapohapo alipopiga magoti, akaniambia, 'Mama, likitokea lolote msinisubiri, mpelekeni.' Mkunga naye aliniambia asubuhi, huyu apelekwe. Mimi ndiye niliyesema tumsubiri mumewe. Niliogopa kisu. Niliona watampasua afie mikononi mwao, na mimi nitamjibu nini mwenye mke. Nikamshikilia hapa mpaka akafa."

Zaidi alikuwa bado amepiga magoti. "Mama," akasema, "hayo si tuliyazika?"

"Uliyazika wewe. Mimi nalala juu yake." Akakionyesha kitanda kwa mkono. "Kila siku nalala juu yake. Na wewe umenyamaza miaka yote hii, mtoto wangu hakusalimii, na leo umekuja kupigishwa magoti nyumbani kwangu mara tatu. Yatosha."

Jamaldini alinitupia jicho. Niliona mkono wake umeanza kuirudisha kamera kitandani, kwa mwigizaji, mahali nilipomfokea siku zote kwamba ndipo inapotakiwa kuwa.

"Usigeuze kamera," nikamwambia.

Hakuigeuza. Mama alilia akiwa amesimama, mikono imening'inia, na hakuna aliyekatiza mbele yake. Pale kitandani Dorkasi, ambaye hakuwahi kukaa amekufa hata dakika mbili, alibaki amelala vilevile, na machozi yalikuwa yanamtiririka kuingia masikioni. Zaidi ndiye aliyeinuka. Akaenda akamkalisha mama kwenye kigoda, kisha akachuchumaa na kuanza kuokota mchele.

Nilikasirika, sitasema uongo. Nilimkasirikia mama kwa kunipa hadithi ya uongo na kuniacha niibebe kama mali. Nilimkasirikia Zaidi, kwa nini anyamaze, nani alimtuma awe mwema kiasi hicho kwa gharama yangu? Nikaitazama skripti niliyoipigania kwa mwenyekiti, kwa msusi, kwa wakwe wa Nasri, na sikuona mstari hata mmoja wa kuupigania tena. Watu wa vyoo waliniharibia kazi, watu wa televisheni waliniharibia kazi, na mimi nilikuwa nimeilinda hii peke yake isiharibiwe, kumbe ilikuwa mbovu tangu nilipoianza.

"Dada," Jamaldini akaninong'oneza, "haya ya mama hayamo kwenye skripti. Nifute turudie?"

"Acha."

"Na kamati? Walishapiga kura ya Dubai."

"Nimesema acha, Jamaldini."

Bi Kuluthumu alikuwa ameshatoka kwenda jikoni bila kuambiwa, na kwa mara ya kwanza hakuangalia kama kamera inamwona. Akarudi na birika, akaniwekea mikononi. Nilimmiminia mama kwanza. Kisha nikachukua kikombe kingine nikaenda pale mlangoni, ambapo Zaidi alikuwa bado amechuchumaa, magoti ya suruali yamejaa vumbi, anatenga mchele na mchanga. Nikapiga goti nikamshikia kikombe.

"Shikamoo, shemeji."

Punje za mchele zilikuwa zimemjaa kiganjani, akazimimina zote kwenye ungo kabla ya kupokea chai.

"Marahaba, Khairat," akasema. "Kaa basi, tumalize huu mchele wa mama."